Mafuta ya chipsi kwenye mtambo wa biogesi: kikombe, si ndoo

Jirani yangu ana ng'ombe wawili na kibanda cha chipsi. Alisikia kwamba mafuta hutoa gesi nyingi kuliko samadi, basi jioni moja akamimina ndoo nzima ya mafuta machafu kwenye mtambo wake. Siku mbili za kwanza hakuona tofauti. Baada ya wiki hivi geji ikawa inaonyesha presha ya kutosha, lakini ukiwasha kiberiti jiko linapumua tu, moto haushiki. Kwenye mdomo wa kutolea tope pakajaa povu lenye harufu ya uchachu. Karibu miezi miwili alipikia mkaa.

Alichosikia kilikuwa kweli. Kilo moja ya mafuta ikioza yote inaweza kutoa karibu mita moja ya ujazo ya methani, ile gesi inayowaka, zaidi ya mara mbili ya wanga wa uzito huohuo. Kilo ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 40 tu za biogesi. Huko Oakland, California, mtambo wa majitaka wa EBMUD, shirika la maji la huko, huchanganya tope la vyoo na mafuta yanayokusanywa mahotelini, na mwaka 2012 ulikuwa mtambo wa majitaka wa kwanza Amerika Kaskazini kuzalisha nishati nyingi kuliko unayotumia. Lakini matangi yao yanapashwa joto na kukorogwa. Wako umefukiwa ardhini, haukorogwi, na ukiwa Lushoto au Njombe unapigwa na baridi juu yake.

Ndani ya mtambo kuna vijidudu vya aina mbili. Wa kwanza huvunja mafuta kuwa asidi, nao ni wepesi. Wa pili hula asidi na kutoa methani, nao ni wazito, tena asidi za mafuta huwaganda mwilini zikawaziba. Ukizidisha mafuta, asidi inalundikana na walaji wake wanadhoofika. Gesi inayobaki imejaa kaboni dayoksaidi, ndiyo maana haiwaki.

Kwa mtambo wa mita za ujazo 6 unaolishwa ndoo mbili za samadi kila siku, anza na robo lita ya mafuta kwa siku. Yachuje mabaki, yakoroge na samadi na maji ya vuguvugu mpaka usione mafuta yakielea, ndipo uyaingize. Yakielea yatatengeneza utando mgumu juu ya tope. Kaa wiki mbili bila kuongeza kipimo. Moto ukibaki wa buluu na tope halina uchachu, panda hadi nusu lita. Mimi ningeishia hapo. Wakati unatia mafuta, samadi usiipunguze hata siku moja, maana ndiyo inayozuia asidi isipande. Mafuta yaliyochotwa kwenye chemba ya hoteli huwa na sabuni nyingi, hayo yaache.

Moto ukianza kuwa dhaifu, acha mafuta mara moja na punguza chakula kwa wiki moja au mbili. Ndoo chache za tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi vizuri husaidia kurudisha vijidudu. Usiingie ndani ya mtambo kuchungulia, na usimulike kwa moto. Gesi hiyo inaua bila kukupa nafasi ya kutoka.

Mbali na mafuta, choo cha nyumbani nacho unaweza kukiunganisha na mtambo kwa bomba moja kwa moja, mradi usisafishe kwa dawa kali za kuua vijidudu. Tope la gari la kunyonya vyoo usilipokee: lina mchanga, plastiki na visivyojulikana. Na choo kikishaunganishwa, matumizi ya tope yanabadilika, kwa sababu mayai ya minyoo hayafi kwa joto la ardhini. Tope hilo lichimbie kwenye mashimo ya migomba au mistari ya mahindi kisha ufukie, ukivaa glavu na buti. Mchicha, nyanya na karoti vipe samadi ya kawaida.