Miche ikishakomaa, usiirudishe kwenye maji ya kila siku

Kila msimu wa kupandikiza nikifika kitaluni huuliza swali moja: miche hii imekauka lini mara ya mwisho? Jibu ninalopewa mara nyingi huniuma. "Bwana shamba, nilishaikomaza, ni wiki mbili sasa. Tangu hapo naimwagilia asubuhi na jioni ipate nguvu ya kwenda shambani." Kukomaza ni kuizoesha miche kukauka kidogo na kupona kabla haijaenda shambani; mkulima huyo amekomaza bure. Kazi aliyoifanya kwa siku kumi ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Udongo wa kitalu, nafasi na kivuli mnavijua, sitavigusa. Nataka tuelewane kuhusu jambo hili moja.

Mmea uliowahi kukaukiwa kisha ukapona huwa unakumbuka. Udongo ukianza kukauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hiyo hufunga stomata, yaani vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, na huwasha jeni za kujikinga. Maji yakirudi jeni hizo hutulia, ila si zote zinazorudi zilivyokuwa: kwenye baadhi yake hubaki alama za kikemikali juu ya protini zilizozungukwa na DNA, yaani uzi unaobeba jeni. Ukame wa pili ukija, jeni zenye alama huwaka kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na mmea hupoteza maji polepole zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza miche. Alama hizo hufutika. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walikausha na kunywesha kwa zamu mmea mdogo wa jamii ya kabichi, Arabidopsis, kisha wakaupumzisha kwenye maji ya kutosha. Baada ya siku 5 za raha kumbukumbu bado ilikuwepo. Baada ya siku 7 ilikuwa imekwisha, na mmea ulikuwa kama haujawahi kuona ukame. Nyanya yako si lazima ifuate hesabu hiyohiyo ya siku, na kwa sababu hiyo sikuruhusu kukaa karibu na mpaka. Kati ya ukaushaji wa mwisho na kupandikiza zisizidi siku 2. Wiki moja ni nyingi mno!

Anza siku 10 kabla ya kupandikiza. Mwagilia mara moja mpaka maji yachuruzike chini ya trei, kisha acha. Usimwagilie kwa sababu saa ya kumwagilia imefika; chomeka kidole. Sentimita 2 za juu zikiwa kavu, anza kutazama majani kuanzia saa 7 mchana. Utaona rangi inafifia, kijani kinapoteza mng'ao, halafu majani ya chini yanainama kidogo. Hapo usikimbilie maji. Subiri jioni, ndipo umwagilie mpaka maji yachuruzike tena. Rudia hivyo mara 3 au 4. Trei zenye matundu madogo ya kupandia hukauka upesi, pengine kwa siku moja tu, kwa hiyo zitazame kila mchana.

Kuna mpaka wa upande wa pili. Mche ulioinama mchana na kusimama jioni umejifunza. Mche ambao saa 12 asubuhi bado umelala umeumia, na hapo mwagilia mara moja bila kungoja. Nimeona kitalu kizima kikinyimwa maji siku nne mfululizo eti "ili kizoee". Miche haikuzoea chochote, ilikauka. Kinachofundisha ni kukauka kidogo na kupona, tena na tena. Matango na matikiti hayapendi shule hii, kwa hiyo yape zamu moja nyepesi tu.

Jioni ya kuamkia siku ya kupandikiza, shibisha miche maji. Wapo wanaodhani kumbukumbu inataka mche uingie shambani na kiu. Sivyo! Mizizi mikavu hukatika ukiing'oa. Pandikiza kuanzia saa 10 jioni.

Na msije mkaichukua habari hii mkaipeleka kwenye mahindi yanayotoa mbelewele au maharage yaliyochanua. Ukame wa wakati huo hupunguza punje na kudondosha maua, na mafunzo ya kitaluni hayarudishi ua lililokwisha anguka.

Mche uliofunzwa vizuri utaujua siku ya tatu shambani: mchana umeinama kidogo, asubuhi umesimama.

Mvua ikichelewa na siku ya kupanda ikasogea mbele, usikae ukimwagilia kila siku kwa kuihurumia miche. Endelea na zamu zilezile za kukausha na kunywesha, ukihesabu upya, ili zamu ya mwisho iangukie ndani ya siku zile 2.