Masters ya Ulaya kwa anayelenga benki ya uwekezaji: anza na kalenda ya ajira

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Msimu huu wa kuomba vyuo, vijana wa Mombasa wananiuliza swali moja: dada, chuo gani bora? Mimi pia nilianza na swali hilo, na lilinigharimu. Leo nawapangia hatua jinsi ambavyo ningependa mtu anipangie mimi wakati ule.

Kwanza tuielewe kazi. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitangaza kuinunua Bamburi Cement kwa shilingi 65 kila hisa. Kampuni nyingine, Savannah Clinker, wakaja na bei ya juu, wakaipandisha hadi 76.30, kisha wakajitoa, na Desemba Amsons wakaichukua kampuni. Kupima thamani ya kampuni kama ile yenye kiwanda tunachokipita tukienda Mtwapa, kuandika ofa, kuwashawishi wenye hisa: hiyo ndiyo kazi ya benki ya uwekezaji. Nyingine ni kuuza hati fungani, yaani mkopo unaouzwa kwa wawekezaji, kama ile Eurobond ya kwanza ya Kenya ya 2014, dola bilioni 2. Kijana anayeanza huitwa analisti, na usiku mwingi humkuta bado yuko kwenye Excel.

Hatua ya 1: Chagua mji kabla ya chuo. London ndiyo kitovu cha Ulaya kwa kazi hii, na Kiingereza kinatosha. Frankfurt, Paris na Milan zina timu nzuri, ila kwa kawaida zinataka mtu anayezungumza na mteja kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiitaliano. Chuo cha St. Gallen huko Uswisi kina sifa kubwa, lakini Uswisi humwajiri Mkenya kwa idadi iliyowekewa kikomo, na kwa kawaida mwajiri hutakiwa aoneshe kwamba amekosa mtu wa huko au wa Umoja wa Ulaya.

Hatua ya 2: Soma kalenda ya kuajiri. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopotea. Benki kubwa za London huchukua analisti wao wengi kutoka kwa waliofanya intanshipu (mazoezi ya kazi) ya kiangazi cha Ulaya, wiki kama 10 kuanzia Juni. Maombi yake hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla, na kufikia Septemba watu tayari wanaitwa kwenye usaili. Tena kwa kawaida intanshipu hiyo hulenga mtu ambaye bado amebakiza mwaka wa masomo.

Sasa tazama masters za Uingereza. Ya fedha ya LSE, chuo cha uchumi cha London, ni miezi 10. Ya uchumi wa fedha ya Oxford ni miezi 9. Unafika Septemba, hata njia ya kwenda darasani hujaizoea, na nafasi zinajaa. Ukifika Juni masomo yanaisha na huna mwaka mwingine mbele. Mimi nilituma ombi langu la kwanza Novemba, baada ya kutulia, na nikaambiwa nafasi zimekwisha. Ada ya mwaka ule ilitoka kwenye kiwanja alichouza babangu. Bado inaniuma.

Kwa hiyo tafuta muda. Masters ya fedha ya Bocconi, Milan, ni miaka 2, na kiangazi cha katikati ndicho cha intanshipu. HEC Paris, ESSEC na ESCP zina masters ya usimamizi ya miaka 2 inayokuruhusu kuchukua mwaka mzima katikati ukafanya intanshipu mbili za miezi 6. Huko Ufaransa intanshipu husainiwa na pande tatu, chuo, mwanafunzi na kampuni, kwa hiyo aliyekwisha kuhitimu kwa kawaida hana mlango huo. Ukiamua kwenda kozi ya mwaka mmoja, tuma maombi ya benki Agosti ukiwa bado nyumbani Kisauni, na majaribio yao ya hesabu ya mtandaoni yafanyie hapo hapo.

Hatua ya 3: Viza baada ya masomo. Uingereza hutoa miaka 2 ya kutafuta kazi, lakini watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapata miezi 18. Ujerumani ni miezi 18. Ufaransa mwaka 1.

Hatua ya 4: Pesa, na masharti yake. Chevening ni ufadhili wa heshima wa serikali ya Uingereza, nao hukutaka urudi nchini kwako kwa miaka 2 baada ya masomo. Kama ndoto yako ni dawati la London, ufadhili huo unakupeleka njia nyingine. Kama unataka kurudi kufanya kazi hii Nairobi, basi uombe bila kusita. Vyuo vya umma vya Ujerumani vingi havitozi ada. Mannheim, inayoheshimika sana kwa biashara, hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Viza ya mwanafunzi ya Ujerumani hutaka euro 11,904 za mwaka ziwe kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo unatoa kiasi fulani tu kila mwezi.

Hatua ya 5: Sasa chagua jina. Ingia LinkedIn, tafuta waliohitimu kozi hiyo miaka 3 iliyopita, hasa Waafrika, na uone wameketi wapi. Brosha ya chuo haitakuonesha hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Likoni: Shukran dada. Nina second class lower. Niache?*
Usiache, ila tusidanganyane: vyuo vikubwa vya London hutaka second upper kwenda juu. Fanya kazi ya fedha miaka 2, pata alama nzuri ya GMAT, mtihani wa kuingilia shule za biashara (siku hizi inaishia 805), kisha lenga vyuo vinavyotazama mtu mzima badala ya transkripti peke yake.

*Nyali: Mjomba atanikopesha kwa wiki moja pesa za kuonesha benki kwa ajili ya viza. Inafaa?*
Haifai, mdogo wangu. Uingereza hutaka pesa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka. Kama ni mchango wa familia, uanzeni mapema, na uwe wenu kweli.

*Mji wa Kale: Na riba je? Nina wasiwasi na dini yangu.*
Wasiwasi wako nauelewa, na hukumu yake mwulize sheikh unayemwamini. Kwa upande wa taaluma, kazi ya sukuk, yaani hati fungani za Kiislamu zisizo na riba, ipo: Uingereza yenyewe ilitoa sukuk ya pauni milioni 200 mwaka 2014, nchi ya kwanza ya Magharibi kufanya hivyo, na ya milioni 500 mwaka 2021. Chuo cha Durham, Uingereza, hufundisha fedha za Kiislamu.

*Tudor: Niko mwaka wa pili TUM, chuo cha ufundi cha Mombasa. Nifanye nini leo?*
Chukua hesabu za mwaka za Bamburi za 2023, ziko mtandaoni bure. Fungua Excel, kadiria kampuni ingezalisha pesa ngapi miaka 5 mbele, kisha uamue kama 65 ilikuwa bei ya haki au 76.30. Itakuchukua wiki kadhaa na utakosea sana. Ukimaliza niletee, nitaisoma mstari kwa mstari.