Pampu ya kesho ilipwe na mtungi wa leo

Vikundi vinavyoendesha kioski cha maji mitaa kama Nyalenda au Obunga, Kisumu, wekeni akiba ya kununua pampu mpya ndani ya bei ya maji, msingoje mfadhili arudi. Tuseme pampu ni shilingi 60,000 na itadumu miaka 5: hiyo ni 1,000 kwa mwezi. Ongezeni robo, kwa kuwa bei itakuwa imepanda: 1,250.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanagawanya hizo 1,250 kwa mitungi waliyouza Januari, mwezi wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, watu hukinga maji ya mabati na wateja hupungua. Gawanyeni kwa mwezi mbaya kabisa. Mwezi huo ukiuza mitungi 1,250, tengeni shilingi moja kwa kila mtungi, iingie akaunti yake siku hiyo hiyo. Ikikaa na pesa za mishahara, italiwa.

Kila jioni someni mita. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mita ikisema yuniti 2 na daftari lina mitungi 80, ishirini imepotea: kagueni koki na mpira kwanza, kabla ya kumshuku muuzaji.