Somo: Njia ya hewa na ekzosi kwa B4 ya kwenda nayo kazini kila siku

Somo hili ni la mwenye Subaru Legacy B4 ya tabo (turbo, feni inayosukumwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa ndani), umbo la BL lililotoka Japani mwaka 2003, anayewasha gari alfajiri pale Mukono, anavumilia foleni ya Jinja Road, na Jumamosi anataka kuisikia injini ikivuta kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe. Mwenye Toyota Mark X au Altezza, zisizo na tabo, asome pia, nitamgusa njiani.

Tangu 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza gari lililozidi miaka 15, kwa hiyo B4 za umbo hili haziji tena. Naandika nikiwa na hilo moyoni. Kila injini tunayoiua kwa kipande cha bei rahisi ni moja iliyopungua.

Hatua ya 1: Soma gari kabla ya kufungua pochi

Tafuta fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta kinachoielewa Subaru. Mwombe akuonyeshe joto la hewa inayoingia, presha ya tabo, na marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Kompyuta ikiwa inaongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 10, mara nyingi kuna hewa inavuja mahali au sensa inayopima hewa inayoingia imechafuka. Kwenye injini hizi mshukiwa wangu wa kwanza ni hozi ya kuingilia tabo, ile iliyojificha chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Mpira wake hukauka na kupasuka. Nimeona gari likirudishiwa nguvu zake kwa hozi hiyo peke yake, na mwenyewe alikuwa ameshaagiza ekzosi.

Kumbuka pia Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na tabo inapoteza kiasi hicho moja kwa moja. Yenye tabo inajitahidi kufidia kwa kuizungusha tabo kwa kasi zaidi, ndiyo maana kila uvujaji unaiumiza mara mbili.

Hatua ya 2: Hewa

Hapa ndipo watu wengi hutupa pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sanduku la filta la kiwandani linavuta hewa ya baridi kutoka mbele, karibu na grili. Ukilitoa ukaweka filta ya pia, yaani yenye umbo la koni, iliyo wazi chini ya boneti, unaisikia tabo ikipiga mluzi na unadhani umepata nguvu. Lakini kwenye foleni filta hiyo inavuta hewa iliyopikwa na injini. Hewa ya nyuzi 55 badala ya 25 imepungua uzito kwa karibu asilimia 9. Umelipa ili upunguziwe.

Shida ya pili ni kipenyo. Kompyuta inakadiria hewa kwa kuamini kwamba bomba lenye sensa lina upana ule ule wa kiwandani. Ukibadilisha bomba la milimita 70 ukaweka la 80, eneo limeongezeka kwa karibu theluthi moja. Hewa ile ile inapita polepole mbele ya sensa, kompyuta inadhani ni kidogo, inapunguza petroli. Injini ya tabo inayokosa petroli wakati presha iko juu huanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni huvunjika.

Halafu vumbi. Niliwahi kufunga filta ya pia ya bei nafuu nilipokuwa nakaa kwenye barabara ya murram, ya udongo mwekundu isiyo na lami, upande wa Gayaza. Baada ya miezi minne nilifungua hozi nikapitisha kitambaa cheupe ndani, upande wa baada ya filta. Kilitoka chekundu kama udongo wa kufyatulia matofali. Nilipoigusa feni ya tabo kwa kidole, ncha zake zilikuwa zimelika, butu kama kisu kilichonolewa kwenye saruji. Kitambaa kile bado ninacho, na wateja huwa nawaonyesha.

Ushauri wangu: baki na sanduku la kiwandani, weka filta mpya ya karatasi yenye ubora, safisha sensa kwa dawa yake maalumu, badilisha hozi zilizochoka. Kama unapita murram kila siku, ifungue filta uiangalie kila kilomita 5,000. Filta za pamba zenye mafuta sizikatazi, ila ukizidisha mafuta yanaruka na kuganda kwenye waya wa sensa.

Hatua ya 3: Ekzosi, anzia nyuma

Kwanza mlio. Wengi wananunua ekzosi wakitafuta ule mgurumo wa Subaru za zamani. Mgurumo ule ulitokana na mabomba ya manifoldi ya moshi, yanayotoka kwenye silinda, yasiyolingana urefu. B4 ya BL ya Japani yenye tabo ina mabomba yaliyolinganishwa, kwa hiyo sailensa yoyote utakayofunga haitauleta. Ujue hilo mapema ili usikasirikie fundi.

Badilisha sehemu iliyo nyuma ya katalitiki (kopo linalosafisha moshi) tu. Haihitaji kugusa kompyuta, na gari linapumua vizuri zaidi. Kwa lita 2 yenye tabo, bomba la milimita 76 linatosha kabisa. Kwa Altezza au Mark X ya 2.5, bomba kuu lisizidi 63, kwa sababu likiwa pana mno moshi unapoteza mwendo na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa.

Tazama kona za bomba kabla ya kulipa. Zikiwa zimebonyea ndani, ile milimita 76 ni ya jina tu. Katwe, hapa Kampala, wapo mafundi wa chuma hodari wanaounga kona za mviringo kipande kwa kipande, na kazi yao naisifu. Chagua chuma kisichoshika kutu ukiweza.

Bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo ndilo linaloongeza nguvu nyingi zaidi likibadilishwa, na ndilo la hatari. Ukilipanua, presha inaweza kupanda kupita kipimo. Usilifunge bila kupanga upya kompyuta siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Kufunga

Gasketi mpya, mipira ya kuning'iniza mipya. Kisha pakia watu wanne, jaza tangi, upite kwenye matuta ya mtaani kwako polepole huku mtu akichungulia. Kaza nati tena baada ya siku mbili tatu za kuendesha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Jinja: Fundi, habari za kazi. Ekzosi yangu mpya inavuma masikioni nikifika mizunguko 2,500. Mke wangu amekataa kupanda.

Jibu: Kaka, mama yuko sahihi. Kwa silinda nne, mizunguko 2,500 kwa dakika ni mipigo kama 83 kwa sekunde, na ndiyo inayotikisa bodi. Ongeza resoneta, kopo la kupunguza mvumo, katikati. Ikibaki, fundi aunge tawi la bomba lililozibwa mwisho, urefu kati ya mita 1.1 na 1.4. Aanze na refu, akate kidogo kidogo.

Mwanachama, Mbarara: Gereji moja imeniambia itanifungia sailensa bure nikiwaachia katalitiki. Nikubali?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani kuliko sailensa hiyo. Utabaki na taa ya injini, harufu ya moshi na kelele, na kanuni za kelele za mazingira zipo. Mimi pia niliombwa hivyo hivyo nikiwa kijana, nikakubali, na mpaka leo inaniuma.

Mwanachama, Kampala: Nimeona kifaa kinachoshusha filta hadi nyuma ya bampa. Hewa si ni baridi zaidi huko?

Jibu: Ni baridi, dada, lakini unapita Bwaise, panapofurika maji, mvua ikinyesha? Injini ikinyonya maji, fimbo za pistoni hupinda papo hapo. Kama umeshakinunua, kirudishe kikiwa bado ndani ya boksi.