Namna ya Kuomba Ruhusa ya Kukarabati Nyumba ya Mirathi Mji Mkongwe

Mwenye nyumba ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar haruhusiwi kujenga, kuvunja wala kubadili jengo lake bila ya ruhusa ya maandishi ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ambayo ilianzishwa mwaka 1985 na sasa inafuata sheria ya mwaka 2010. Maombi yenyewe si magumu. Kinachokula muda na fedha ni kuthibitisha nani mwenye haki ya kuyatia saini, na kwa nyumba ya mirathi jambo hilo limalizwe kabla ya kumlipa mchoraji ramani hata shilingi moja.

Nyumba nyingi za hapa zina wenyewe zaidi ya mmoja. Ghorofa ya juu inaweza kuwa ya warithi, duka la chini likawa ni wakfu, na chumba cha nyuma kikakaliwa na mpangaji ambaye bibi yake aliingia kwa kodi ambayo hakuna aliyethubutu kuipandisha. Ukarabati wa nyumba ya namna hiyo ni ubia, hata kama hakuna aliyekusudia kuwa mbia. Anza na hati ya mirathi ya Mahkama ya Kadhi inayowataja warithi wote, kisha tafuta ridhaa ya kila mmoja kwa maandishi. Sehemu ya wakfu inahitaji ridhaa ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kama sehemu yoyote ni ya Serikali, mlango wa kugonga ni Shirika la Nyumba la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Katika makubaliano hayo andikeni pia nani atalipia paa, maana kila mtu hukubali kwamba linavuja na hakuna anayekubali kwamba ni lake.

Mrithi aliyeko nje ndiye atakayekuchelewesha. Ujumbe wa sauti kutoka Muscat unaosema “fanyeni tu, mimi sina neno” unatosha kwa mapenzi ya kifamilia lakini hautoshi kwa faili. Inatakiwa hati ya uwakala inayotaja nyumba husika na kazi itakayofanywa, iliyohakikiwa na Ubalozi wa Tanzania huko aliko. Yetu ilikuja ikisema “mali zangu zote Unguja”, na afisa wa afisi moja nisiyoitaja aliirudisha kwa sababu haikuitaja nyumba. Ilipotumwa nyengine, afisa huyo “alikuwa ametoka mara moja”, na mara moja hiyo ilivuka mwezi mtukufu na sikukuu yake. Mtumie ndugu yako maneno kamili ya kunakili, na umwombe nakala zaidi ya moja zilizogongwa muhuri.

Barua ya Sheha, kitambulisho cha Mzanzibari na risiti hazina la kuelezwa, ila nenda na fotokopi zako mwenyewe, kwani mashine ya afisini ni kama kisima cha kiangazi.

Michoro ndiyo hatua ya pili inayostahili fedha zako. Mpango wa hifadhi wa mwaka 1994, uliotayarishwa kwa ushirikiano wa Serikali na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, umeyagawa majengo kwa madaraja, na daraja la nyumba yako ndilo linaloamua kiasi unachoweza kubadilisha. Liulize kabla mchoraji hajashika kalamu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hunywa unyevu na kuutoa. Ukizipaka saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na lipu hubanduka. Kwa hiyo maelezo ya kazi yataje chokaa waziwazi, pamoja na muda wa kuiroweka, na yaeleze boriti zitakazobadilishwa. Upana wa vyumba vyetu ulitokana na urefu wa boriti za mikoko, na mchoro unaounganisha vyumba viwili kuwa ukumbi wa wageni wa hoteli utaulizwa ni nini kitakachobeba sakafu ya juu. Kwa kuwa ukataji wa mikoko unadhibitiwa, mtake muuzaji akuoneshe kibali chake.

Wakaguzi watakapokuja kuitazama nyumba, funguo za vyumba vyote ziwepo, pamoja na cha yule mpangaji, na jirani mnayechangia ukuta awe amearifiwa. Usilalamike wakikutaka ueleze namna kuta zitakavyoegemezwa wakati wa kazi: sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu walipoteza maisha.

Ruhusa ikitoka, isome masharti yake yote kabla ya kumwita fundi. Kifusi kinahitaji mapatano ya peke yake na Baraza la Manispaa, kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi gari na mkokoteni mmoja uliokwama huzuia mtaa mzima. Nakala moja ya ruhusa akae nayo fundi mkuu, kwa vile mkaguzi ana kawaida ya kufika saa ile ile mwenye nyumba anapokuwa Darajani akitafuta misumari.