Kuandaa ibada ya shukrani kwa waliotoa figo na waliopandikizwa

Upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Tanzania ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka uliofuata. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India. Leo si ajabu kukuta katika usharika mmoja kaka na dada, au mama na mwanawe, waliogawana jozi moja ya figo. Na kwa kuwa kwetu mtoaji ni mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa damu, ibada hii ina watu wa aina nne ndani ya jengo moja: aliyetoa, aliyepokea, ndugu aliyeombwa akakataa, na mgonjwa wa benchi la nyuma ambaye bado anatafuta mtoaji. Kamati ikimsahau hata mmoja wao, shukrani inageuka kidonda.

Tarehe na saa

Siku ya Figo Duniani ni Alhamisi ya pili ya Machi, na wengi huichagua Jumapili inayofuata. Jueni tu kwamba siku hiyo daima huangukia ndani ya Kwaresima. Makanisa yanayofuata kalenda hiyo yatakosa maua altareni na Aleluya, na kwaya iliyofanya mazoezi ya nyimbo za shangwe itaambiwa wiki ya mwisho kwamba haziimbwi. Mkitaka ngoma na vigelegele, chukueni Jumapili iliyo karibu na Agosti 13, Siku ya Uchangiaji wa Viungo Duniani, au unganisheni na Sikukuu ya Mavuno.

Jumamosi iacheni. Wanaosafishwa damu kwa mashine, kwa kuwa figo zao zimeshindwa kazi, mara tatu kwa wiki huenda ama Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ama Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili wako huru wote, ila kundi la Jumatatu linakuwa limekaa muda mrefu bila mashine, na maji yamejaa mwilini. Wawekeeni viti vyenye egemeo karibu na mlango, msiwasimamishe kila wimbo.

Saa inapangwa kwa kufuata dawa. Takrolimasi, dawa inayouzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa, humezwa kila baada ya saa 12, kwa wengi saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, na haipatani na chakula: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Ibada ikianza saa 4 na kumalizika saa 6 kasorobo, kila mtu amemeza dawa nyumbani na chakula kinamkuta tayari. Ibada ya alfajiri, au ile isiyojulikana itaisha lini, inawafanya wamezee dawa kwenye gari au waruke dozi.

Majina kwanza, mengine baadaye

Wiki sita kabla, watu wawili wa kamati (wawili tu, wasio na maneno mengi) wamtembelee kila mhusika na karatasi yenye chaguo tatu: nitajwe kwa jina na nisimame; nisimame bila kutajwa; niombewe nikiwa nimekaa. Swali jingine lihusu picha na matangazo ya moja kwa moja mtandaoni. Taarifa za afya ni za mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda. Kuna watoaji ambao wakwe zao hawajui, na wapo wapokeaji ambao mwajiri hajui. Mtoaji aulizwe akiwa peke yake, mpokeaji asiwepo, maana mbele ya yule aliyepokea figo yake hawezi kukataa. Msikisie pia kwamba watapenda kukaa pamoja: wapo ndugu ambao figo iliwaunganisha, na wapo ambao deni lisilolipika limewatenga.

Waliopandikizwa chini ya miezi mitatu wasialikwe kanisani kabisa. Kinga yao imeshushwa kwa makusudi ili mwili usiikatae figo, na mafua ya mtoto wa shule ya Jumapili yanaweza kuwalaza hospitali. Wapigieni simu ya video wakati wa maombi.

Mpangilio

Fungueni madirisha yote mapema. Wapokeaji wakae pembeni karibu na dirisha, wasibanwe katikati, na mwenye kikohozi aelekezwe upande wa pili bila kelele. Barakoa ziwe mlangoni, kila anayetaka achukue. Wahudumu wa mlango wafundishwe jambo moja: wasimshike mtu mkono kumvuta kitini. Mkono wenye mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya kusafishwa damu ukibanwa, mshipa unaweza kuziba, na kuutengeneza mwingine ni upasuaji.

Amani itolewe kwa kuinua mkono kifuani. Kwenye Meza ya Bwana, kikombe kimoja cha wote hakifai. Tumieni vikombe vidogo, au wapokee mkate tu. Kuchovya mkate hakusaidii, kwa sababu vidole vya wengi vinafika kwenye divai.

Ratiba inayokaa vizuri ndani ya saa moja na dakika 45:

Wimbo, salamu na sala: dakika 15
Masomo na mahubiri: 30
Ushuhuda wa watu wawili: 10
Kusimama, kutambuliwa na kuombewa: 15
Sadaka: 10
Meza ya Bwana, baraka na matangazo: 25

Kwa masomo, wengi hukimbilia Yohana 15:13. Somo zuri, ila linasema juu ya kuutoa uhai, na aliyetoa figo yuko hai akisikiliza, na anataka kuendelea kuwa hai. Luka 17:11–19, wakoma kumi na yule mmoja aliyerudi, linafaa zaidi. 2 Wakorintho 8:12, kwamba utayari wa mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, linawafaa waliojitolea wakapimwa wakakutwa hawafai. Watu hawa husahaulika kila mara, nao walilala kwenye vipimo vilevile kwa hofu ileile. Padri anayeulizwa kama Kanisa linakubali anaweza kutaja hotuba ya Papa Yohane Paulo II ya Agosti 2000 mbele ya madaktari wa upandikizaji, aliposifu utoaji wa viungo na kukataa viungo kufanywa bidhaa.

Ushuhuda ndiyo sehemu inayoharibika. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja, usomwe mapema na mchungaji pamoja na muuguzi. Visiwemo bei, jina la ndugu aliyekataa, wala sentensi ya “nimepona, dawa nimeacha”. Hii ya mwisho ni hatari ya kweli. Figo iliyopandikizwa inaishi kwa dawa za kila siku, na mtu akiacha, mwili huanza kuikataa hata kama imefanya kazi miaka mitano. Asiyeandika asipewe maikrofoni, hata akiwa mzee wa kanisa.

Mtoaji aitwe kwanza, mpokeaji baadaye. Maneno yawe mafupi: “Tunamshukuru Mungu kwa waliotoa, kwa waliokuwa tayari kutoa, kwa waliopokea, kwa wale ambao figo haikudumu, na kwa waliotangulia.” Msiite wanaotaka kujitolea wasogee mbele. Uamuzi huo unahitaji faragha, vipimo, na nafasi ya kusema hapana bila mtu kuona. Wito wa madhabahuni unaiondoa nafasi hiyo, na wa kwanza kuumia ni yule ndugu aliyekataa.

Zawadi na sadaka

Mtoaji asipewe bahasha ya fedha mbele za watu. Kulipa nauli au siku za kazi alizopoteza ni halali, ila bahasha madhabahuni inafanana na malipo ya figo, na uuzaji wa viungo ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linalikataa waziwazi. Kitenge au khanga kinatosha. Mche wa mti uacheni, kwa mpokeaji udongo una ukungu unaoweza kuingia mapafuni. Sadaka ya siku ipelekwe ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwa wasioweza kulipia kusafishwa damu, na risiti isomwe Jumapili inayofuata.

Chakula

Pilau na kuku aliyeiva hadi mfupani, vikitoka jikoni vya moto na kuliwa ndani ya saa mbili. Kachumbari, mtindi wa kienyeji, mayai yenye kiini kibichi na mishikaki yenye damu visiwepo kwenye meza ya wapokeaji. Balungi na danzi pia: vinapandisha takrolimasi kwenye damu, na juisi ya mchanganyiko ya mpishi mara nyingi ina mojawapo, kwa hiyo ulizeni kabla hajakamua. Kwa wanaosafishwa damu, ndizi, machungwa na madafu vina potasiamu inayoweza kusimamisha moyo. Wapeni vipande vya tufaha au nanasi, na kikombe kidogo cha maji. Soda zisizo na sukari ziwepo, maana dawa za kushusha kinga huleta kisukari kwa baadhi.

Wakati watu wanakula, muuguzi akae kwenye chumba cha pembeni na kipimo cha presha. Watoaji wengi wakishajisikia vizuri huacha kwenda kliniki. Awakumbushe kupima presha, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) na protini kwenye mkojo kila mwaka, na kutojinunulia dawa za maumivu zinazoweza kuumiza figo, kama diklofenaki au ibuprofeni, duka la dawa kila mgongo unapouma. Kwa mwenye mshipa wa kusafishia damu, presha apimwe mkono wa pili.