Ng’ombe asigeuke “ngâ€™ombe”: kutuma maandishi yanayosomeka na kikundi kizima

Andika ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda, umtumie mtu ambaye programu yake inasoma kwa usimbaji mwingine (usimbaji ni kanuni ya kugeuza herufi kuwa namba za kompyuta), naye ataona “ngâ€™ombe”. Hakuna kilichopotea njiani. Katika usimbaji wa UTF-8 ritifaa hiyo (U+2019) ni baiti tatu, E2 80 99, na Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, huisoma kila baiti kama herufi kamili: â, €, ™. Kiswahili karibu chote hutoshea katika alama 128 za ASCII (herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu na vituo), ambazo UTF-8, Windows-1252 na usimbaji mwingine wa zamani, ISO-8859-1, huziandika kwa baiti zilezile. Ndiyo maana kosa hujificha miezi mingi, mpaka mtu aandike jina lenye é au abandike aya kutoka programu ya nyaraka.

Anza na mipangilio. Katika programu yako ya barua pepe tafuta usimbaji wa ujumbe unaotoka, uchague UTF-8, kisha uchague maandishi matupu badala ya HTML. Jitumie ujumbe wa majaribio wenye ng’, é, € na emoji moja. Emoji nyingi huchukua baiti nne, hivyo hufichua mifumo inayokomea baiti tatu. Ukiupokea, fungua chanzo chake (ujumbe ghafi pamoja na vichwa vyake) utafute mstari huu:

Content-Type: text/plain; charset=UTF-8

Mstari huo usipokuwepo, au ukitaja usimbaji usio wa kweli, mpokeaji hubaki kukisia.

Maandishi yakiharibika, soma uharibifu kabla ya kuugusa. Ukiona Ã© mahali pa é, UTF-8 imesomwa kama Windows-1252: baiti bado nzima, badilisha usimbaji wa kusomea tu. Ukiona ÃƒÂ©, yamesimbwa mara mbili na yanahitaji kurudishwa hatua kwa hatua. Alama ya � huja kwa njia ya kinyume, maandishi ya usimbaji wa zamani yakisomwa kama UTF-8; mtu akishayahifadhi hivyo, herufi ya awali imekwenda, omba nakala ya kwanza. Vivyo hivyo ? tupu iliyokaa mahali pa herufi.

Faili la zamani hubadilishwa hivi, kwa amri ya iconv kwenye dirisha la amri:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt

Hakikisha kwanza kwamba si UTF-8 tayari, la sivyo utalisimba mara ya pili. Wala usielekeze matokeo kwenye faili lilelile: hufutwa kabla halijasomwa.

Unapojibu, usinukuu maandishi yaliyovurugika. Programu yako itayasimba upya pamoja na uchafu wake, na kila atakayejibu baada yako ataurithi. Rekebisha nukuu au ikate. Nukuu sehemu unayoijibu tu, kwa alama ya >, na uvunje mistari yako kwenye herufi 72 hivi. Kiwango cha barua pepe kinashauri mstari usizidi 78, na kila anayenukuu huongeza > yake. Sahihi itanguliwe na mstari wa vistari viwili na nafasi moja (“-- ”), isizidi mistari minne. Nafasi hiyo ya mwisho husahaulika mno, na bila hiyo programu haiwezi kuikata sahihi yenyewe.

Mwenzako akituma maandishi yasiyosomeka, mwandikie pembeni, si mbele ya wote. Mnakilie mstari wa Content-Type ulioupata na umtajie ulichokiona na ulichotarajia. “Hayasomeki” haimsaidii kitu. Na usimwombe mtu aandike jina lake bila alama zake ili programu yako istarehe. Huko ni kumkosea heshima, na programu ndiyo ya kubadilishwa.

Kwa msimbo wa kompyuta na amri, kanuni hugeuka: zima nukuu zinazojipinda zenyewe, utumie ' na " nyoofu pekee. Amri yenye nukuu iliyopinda huonekana sahihi machoni, lakini atakayeinakili itamkatalia, na atatafuta kosa mahali pengine kabisa.